Maua ya Vuli katika Bustani ya Mawe



Mwaka jana, nilipokuwa kidato cha 5, nilikuta katika maktaba yetu kitabu cha zamani cha mambo ya bustani, kilichopigwa chapa Uingereza. Ndani yake mlikuwa na sura nzima juu ya maua yanayochanua wakati wa vuli katika bustani za mawe. Niliwasomea wenzangu bwenini, nao wakacheka sana. Mmoja akasema, "Sisi tunakaa juu ya ikweta. Hiyo vuli tutaikopa kwa nani?"

Mimi nami nilicheka. Lakini taa zilipozimwa nilifikiri, nikaona kwamba nyumbani kwetu Kasese ninayo bustani ya mawe niliyoijenga kwa mikono yangu, na maua yake mengi huchanua Septemba, Oktoba na Novemba, yaani miezi ile ile ya kitabu. Ndipo swali likanijia: Je, maua yetu na maua ya Ulaya yanafuata saa moja, au yamekutana njiani kwa bahati tu? Somo hili ni jibu langu kwa swali hilo. Ndani yake nimetia pia jambo moja la hatari lililotupata nyumbani, kwa maana sipendi limpate mtu mwingine.

NENO "VULI"

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kwa watu wa pwani, vuli ni mvua ndogo za mwezi wa Oktoba hadi Desemba, zinazokuja baada ya kipupwe na kabla ya kaskazi. Masika ndiyo mvua kubwa. Waandishi walipotaka neno la majira ya Ulaya yaliyo kati ya joto na baridi, wakati majani ya miti yanapogeuka rangi na kupukutika, wengi wao walilichukua neno hili la vuli. Kwa hiyo leo neno moja lina maana mbili: kwa Mswahili wa pwani ni mvua, na katika vitabu vilivyofasiriwa ni kupukutika kwa majani.

Kwetu Kasese na Bwera majani hayapukutiki kwa ajili ya mwezi fulani. Tunazo mvua mara mbili kwa mwaka: za kwanza Machi hadi Mei, na za pili Agosti hadi Novemba. Katikati ziko siku za ukame, na ukame wa Juni na Julai katika bonde letu ni mkali, nyasi zote hugeuka rangi ya simba. Basi ninaposema "maua ya vuli" katika somo hili, nina maana ya maua ya mvua zetu za pili.

MAWE YALIVYOFIKA KWETU

Bustani nyingi za mawe hutengenezwa na watu wanaotafuta mawe. Sisi mawe yalitutafuta. Mwezi wa Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika, na mito ya Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ikafurika nayo siku zile. Wengi wenu mnakumbuka. Watu walikufa, na maelfu walikosa makao. Kwetu hakufa mtu, Mungu ashukuriwe, lakini jiko, kuku na migomba yote ya upande wa chini vilikwenda na maji. Maji yalipopungua tulikuta uani mawe ambayo hatukuwahi kuyaona: mengine ya kijivu yenye mistari myeupe, mengine meusi, mengine yana madoa ya kijani. Jiwe moja lilikuwa kubwa kuliko meza ya kulia.

Baba alitaka kuyauza kwa wajenzi, lakini makubwa hayakuweza kupakiwa garini. Mama alitaka kupanda mchicha na sukuma wiki katikati yake. Mwalimu mmoja wa kilimo, jirani yetu, akamzuia. Alieleza kwamba huko juu Kilembe shaba ilichimbwa tangu 1956 mpaka mapema miaka ya 1980, na mabaki ya mawe yaliyosagwa yamelala bondeni mpaka leo. Wachunguzi wamepima udongo wa kingo za Nyamwamba wakakuta shaba na kobalti nyingi kupita kiasi. Yale madoa ya kijani ni dalili ya shaba. "Chakula kipande juu ya nyumba, Mama," alisema. "Hapa chini panda kitu kisicholiwa."

Wakati ule shule zote za Uganda zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Nilikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi, sina kazi wala kitabu. Kitu kisicholiwa ni ua. Ndivyo nilivyoanza.

KOSA LANGU LA KWANZA

Niliviringisha mawe madogo, nikayarundika juu ya udongo wa mfinyanzi, nikapanda matunguu ya maua juu yake. Mama alipoliona rundo lile alisema, "Mwanangu, umetujengea kaburi mbele ya mlango." Na kweli lilikuwa kaburi, kwa maana mvua za pili zilipokuja maji yalituama chini ya mawe, na matunguu yote 14 yakaoza. Niliyafukua mwezi wa Novemba yakiwa laini kama parachichi bovu.

Mwaka uliofuata nilibomoa kila kitu nikaanza upya. Nawapa hapa kanuni nilizojifunza, ili msipoteze mwaka kama mimi.

1. Chagua mahali penye jua na mteremko. Kama hapana mteremko, utengeneze kwa udongo.

2. Chimba futi moja kwenda chini. Jaza inchi sita za matofali yaliyovunjika au kokoto kubwa, maji yapate njia ya kukimbilia.

3. Anza na mawe makubwa kabisa upande wa chini. Tumia mtaimbo, wala usijaribu peke yako. Kila jiwe lizikwe theluthi moja ardhini. Ukishalizika, simama juu yake. Likitikisika, lizike tena.

4. Liinamishe jiwe nyuma kidogo, kuelekea upande wa juu wa mteremko, ili mvua inayolipiga iteremke kwenye mizizi iliyo nyuma yake. Jiwe linaloinama mbele huyatupa maji njiani, na mmea wake hukaa na kiu.

5. Mistari ya mawe ielekee upande mmoja, kama ilivyo katika mwamba mlimani. Ndipo macho yatadhani mawe yamezaliwa pale pale.

6. Changanya debe moja la udongo mweusi, debe moja la mchanga na debe moja la changarawe. Jaza kati ya mawe, ushindilie kwa fimbo ili pasibaki matundu, maana ndani ya matundu mizizi hukauka.

7. Mwisho tandaza kokoto ndogo juu ya udongo, unene wa kidole kimoja. Hizo huzuia jua lisikaushe udongo na huzuia tone la mvua lisirushe matope.

Huenda mtu akauliza, kwa nini mawe? Kwa sababu maji hukimbia upesi juu, lakini chini ya jiwe hubaki ubaridi na unyevu kidogo wiki nyingi. Inua jiwe lolote mwezi wa Julai uone. Kwa hiyo tunguu hupata vitu viwili ambavyo udongo mtupu hauwezi kuvitoa pamoja: halizami wakati wa mvua, wala halichomwi wakati wa ukame.

Watu wa Ulaya nao waligundua hayo zamani. Katika bustani ya waganga iliyoko Chelsea, London, bustani ya mawe ilimalizika mwaka 1773. Mawe yake mengine yalitoka katika ngome ya zamani ya mji ule, na mengine ni ya volkano, yaliyoletwa kwa meli kutoka Iceland na Joseph Banks. Wao walivuka bahari kutafuta mawe, nasi tuliletewa usiku mmoja.

MAUA YENYEWE, KWA ZAMU YA KUCHANUA

Matunguu na viazi vya maua nilipewa na nyanya yangu wa Bwera. Anakaa si mbali na mto Lhubiriha, na ua wa nyumba yake una maua kuliko nyumba yoyote niijuayo. Mengine aliyatoa msituni zamani, mengine aliyapata kwa wenzake sokoni Mpondwe, ambako watu wa Uganda na Kongo hukutana na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha.

Ua la kwanza ni ua la mvua. Wataalamu huliita Zephyranthes. Asili yake ni Amerika, lakini limeenea katika bustani za nchi nyingi za joto. Majani yake ni kama ya kitunguu kidogo. Hukaa kimya wakati wote wa ukame, halafu mvua kubwa ya kwanza ikipiga, baada ya siku nne au tano tu, maua ya waridi au meupe husimama yote pamoja kama watoto walioitwa kwa kengele. Lipande kwa makundi, si moja moja.

La pili ni tufe la moto, ambalo wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Hili ni letu la Afrika. Shina moja nene hutoka ardhini likibeba tufe jekundu lenye maua madogo mengi, pengine 100 au zaidi, kila moja kama nyota yenye nyuzi ndefu. Lipande penye kivuli cha mchana, nyuma ya jiwe kubwa. Kwangu hutoka wiki ya pili au ya tatu baada ya mvua kuanza, na halimalizi wiki mbili. Usiondoke bila kulitazama.

La tatu ni Gloriosa superba, ambalo sisi nyumbani tuliliita ndimi za moto. Ni mmea unaopanda. Ncha ya kila jani huwa kikono kinachojizungusha kwenye kijiti au ukoka. Petali zake sita ni nyekundu zenye ukingo wa manjano uliokunjamana, nazo hupinda kurudi nyuma, hata ua linafanana na moto unaowaka. Kwangu huchanua Oktoba. Nchi ya Zimbabwe imelichagua kuwa ua la taifa lake. Habari yake nyingine nitaieleza mwisho, nanyi nawasihi msiiruke.

La nne ni mshubiri. Katika Uganda iko mishubiri ya asili kadha wa kadha, na mmoja huitwa Aloe dawei, kwa heshima ya Bwana Dawe aliyekuwa akifanya kazi katika bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898. Maua yake ni mekundu, marefu, kama mirija, na ndege aitwaye chozi huyajia kutafuta asali. Kwangu hutoa maua mvua zinapokaribia kwisha, basi huo ndio mwisho wa vuli yangu. Usiichimbe ya porini kwa ajili ya kuuza. Biashara ya mishubiri ya porini kati ya nchi na nchi haifanyiki bila kibali. Omba chipukizi kwa jirani.

Wenzangu wengine wameniuliza kwa nini sikuleta lobelia kubwa na senesio za Rwenzori, ambazo ndizo maua ya mawe ya kweli. Jibu ni mbili. Kwanza, mlima ule ni hifadhi ya taifa tangu 1991, na kuondoa mimea ni kosa. Pili, hesabu inakataa. Hewa hupungua joto kwa kadiri ya digrii 0.6 kila unapopanda mita 100. Kasese iko kama mita 1000 juu ya bahari, na kilele cha Margherita ni mita 5109. Tofauti ni kama mita 4100, yaani karibu digrii 25. Ikiwa kwetu ni digrii 25, kule ni sufuri, ndiyo maana theluji, ambayo wazee wetu Wakonzo huiita Nzururu, iko juu na sisi chini twatokwa jasho. Lobelia iliyozoea usiku wa barafu itakufa kwetu kabla ya Jumapili ya pili.

JARIBIO LA MATUNGUU 30

Sasa nalirudia swali langu la kwanza. Mmea wajuaje kwamba vuli imefika? Nilichukua matunguu 30 ya ua la mvua, yenye ukubwa mmoja, nikayagawa makundi matatu ya kumi kumi. Kwa kuwa mimi huwa shuleni, dada yangu mdogo ndiye aliyekuwa karani, naye aliandika kila siku katika daftari bila kuruka.

Kundi A liliachwa chini ya mvua ya Mungu.

Kundi B lilinyweshewa maji kidogo kila jioni tangu mwanzo wa Julai, kikombe kimoja kwa kila tunguu.

Kundi C lilifunikwa kwa turubai lililoinuliwa juu ya vijiti, mvua isilifikie, mpaka tarehe 15 Septemba. Siku hiyo lilifunuliwa, na jioni ile ile likamwagiwa ndoo tatu.

Nilidhani kundi B litashinda, kwa sababu lilitunzwa kuliko yote. Matokeo yalikuwa haya. Katika kundi A, matunguu 9 yalichanua ndani ya siku sita baada ya mvua kubwa ya kwanza ya Agosti. Katika kundi C, hakuna hata moja lililochanua mpaka lilipofunuliwa, kisha 8 yalichanua katika siku tano. Katika kundi B, matunguu 3 tu yalichanua, tena kila moja kwa wakati wake, ingawa majani yalikuwa mengi na mazuri.

Tunajifunza nini? Kwanza, ua la mvua halifuati tarehe, kwa kuwa kundi C lilingoja mpaka Septemba nusu. Pili, halifuati maji tu, maana kundi B lilikuwa na maji siku zote. Linataka ukame kwanza, kisha maji mengi kwa ghafula. Ule ukame tunaoulaumu ndio nusu ya kazi. Wahenga walisema baada ya dhiki faraja. Kundi B halikuonja dhiki, nalo likabaki na majani. Nakiri kwamba matunguu 30 ni machache, na jaribio la mwaka mmoja halitoshi. Ndiyo maana mwaka huu dada yangu anarudia.

KWA NINI ULAYA NI MBALI NASI

Mimea mingi ya Ulaya na Amerika husoma urefu wa usiku. Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Marekani, Garner na Allard, waliandika kwamba tumbaku ya aina moja ilikataa kuchanua mpaka mchana ulipokuwa mfupi. Mjini London mchana wa Juni una zaidi ya saa 16, na wa Desemba haufiki saa 8. Tofauti kama hiyo ni kalenda ambayo mmea hauwezi kukosea kuisoma. Krisanthemamu, ua maarufu la vuli yao, huchanua usiku unaporefuka.

Lakini ikweta inapita kusini kidogo ya Kasese, penye alama ile ambapo wageni hupigwa picha. Kwetu mchana ni kama saa 12 na dakika 7 mwaka mzima. Mmea unaotaka kusoma kalenda hiyo hukuta kurasa zote zimeandikwa neno moja. Basi mimea mingi yetu imejifunza kusoma maji.

Msidhani hata hivyo kwamba usiku hauna kazi kwetu. Nendeni mkatazame ule mti wenye majani mekundu ya Krismasi, asili yake Mexico, ulio karibu na taa ya ulinzi nyuma ya bweni letu. Upande wa gizani hugeuka mwekundu. Upande unaopigwa na taa usiku kucha hubaki kijani, kwa sababu haujapata usiku mrefu wa kutosha. Katika mashamba ya maua ya Uganda, wanaokuza vipandikizi vya krisanthemamu vya kupelekwa Ulaya huwasha taa usiku kwa makusudi, ili mimea mama isichanue kabla ya wakati.

Kwa hiyo jibu la swali langu ni hili: Maua ya Ulaya na maua yetu hayafuati saa moja. Yamekutana mwezi mmoja kwa njia mbili, hawa kwa giza na hawa kwa maji. Lakini wako ndugu wawili kati yao ambao kweli ni wa ukoo mmoja, na hao ndio ninaotaka kuwasimulia sasa.

HABARI YA KIAZI

Katika kile kitabu cha Uingereza kuna ua la vuli liitwalo Colchicum. Huchanua bila majani. Majani hutoka baadaye, majira ya kuchipua. Linafanana sana na ua la zafarani, ile zafarani ya pilau, ambayo nayo huchanua vuli na ambayo huhitaji kama maua 150 kupata gramu moja. Lakini zafarani ni kiungo, na Colchicum ni sumu. Katika Ulaya watu wamekufa kwa kuchuma majani yake wakidhani ni kitunguu saumu cha mwitu. Dawa iliyomo huitwa kolchisini. Kipimo kidogo sana cha daktari hutibu jongo, na kikizidi huua. Tofauti iko katika nyuzi za kiume: ua la zafarani lina 3, Colchicum lina 6.

Ndugu wa Colchicum katika Afrika ni Gloriosa yetu. Ni wa jamii moja, na sumu yao ni ile ile. Mimi sikulijua hilo.

Nyanya aliponipa viazi vya ndimi za moto, aliniambia, "Kaa kwanza nikueleze." Nikamwambia, "Nyanya, gari la Kasese linaondoka." Nikatia viazi mfukoni nikakimbia. Miaka miwili ilipita, mmea ukastawi. Siku moja ya Januari, wakati shina lilikuwa limekauka, dada yangu, aliyekuwa na umri wa miaka minane, alikuwa akicheza kati ya mawe, akachimbua kiazi. Kina sura ya kidole kilichopinda, rangi ya kahawia nje na nyeupe ndani. Alidhani ni kiazi kikuu kichanga. Akakimenya, akakitia chunguni pamoja na mihogo ya jioni, akafurahi kwamba amemsaidia mama.

Mama alikuja kukoroga, akaona kipande asichokijua. Akauliza. Dada akaonyesha mahali alipokitoa. Mama hakujua kwamba ni sumu, lakini ana desturi moja: kitu asichokijua jina hakiingii tumboni. Akamwaga chungu kizima, mihogo na vyote, na usiku ule tulilala na chai. Mimi nilinung'unika. Siku chache baadaye nyanya alikuja, tukamsimulia kama kichekesho. Hakucheka. Alikaa chini, akashika kichwa, akaniambia, "Mjukuu wangu, nilikupa ua, hukungoja maneno yake."

Tangu hapo nimesoma maneno yake, na nayaandika hapa ili mjue. Kiazi cha Gloriosa ndicho chenye sumu kuliko sehemu nyingine, ingawa mmea wote una sumu. Kuchemsha hakuiondoi. Mtu aliyekula anaweza kukaa saa kadha bila dalili, kisha hushikwa na kutapika na kuhara kwingi, na baadaye viungo vya ndani huharibika. Kwa hiyo ukimwona mtu amekula, usingoje augue. Mpeleke hospitali saa ile ile, ukachukue na kipande cha mmea kumwonyesha daktari. Tena msidhani nyuzi sita peke yake ni alama ya sumu, maana hata ua la kitunguu tunachokula lina nyuzi sita. Na tufe la moto na ua la mvua, ingawa ni wa jamii nyingine, nayo yana sumu katika matunguu yao.

Mama alitaka tuung'oe mmea. Baba alisema tukiung'oa wetu, wa porini utabaki, na watoto hawataujua. Tulikubaliana hivi: viazi vilihamishiwa juu kabisa ya bustani, nyuma ya lile jiwe kubwa kama meza, tukazungusha uzio wa miiba, na dada yangu mwenyewe akaandika kibao: SUMU. HAILIWI. Ndiye aliye karani wa daftari langu leo, naye huwafundisha watoto wa jirani majina ya maua yote kabla ya kuwaruhusu kukanyaga jiwe la kwanza.

MANENO YA MWISHO

Wenzangu, mkitaka kuanza bustani ya mawe likizo hii, shikeni mambo matatu. Maji yapate njia. Ukame usiogopwe. Na msipokee mmea kwa mtu mzima bila kungoja maneno yake, hata gari likiondoka. Gari jingine litakuja.

Nanyi wanafunzi wa zamani, mlioko Bundibugyo, Fort Portal, Kampala na ng'ambo, nina ombi. Nakusanya majina ya mimea hii minne katika lugha za nyumbani kwenu, pamoja na yale wazee wanayosema juu yake. Mwandikieni mhariri, naye atanipa. Wazee wanaoyajua ni wachache kila mwaka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Neno "vuli" lina maana gani kwa watu wa pwani, na lina maana gani katika vitabu vilivyofasiriwa?

2. Kwa nini jiwe liinamishwe nyuma wala si mbele?

3. Katika jaribio la matunguu 30, kundi gani linaonyesha kwamba maji peke yake hayatoshi? Eleza.

4. Ikiwa nyumbani kwenu ni mita 1500 juu ya bahari na joto ni digrii 22, kadiria joto la mahali palipo mita 4000.

5. Mtoto amekula kiazi cha Gloriosa, naye anacheza bila dalili yoyote. Utafanya nini, na kwa nini?